Wivu, Shahidi na Hukumu: Suala la Kasoro ya Shujaa wa Tanzia mbele ya Hadhira ya Gotu

1. Utangulizi

Ni kawaida katika uhakiki wa tamthilia kuelezwa kwamba Macbeth aliangamizwa na tamaa, Mfalme Lear na kujipenda, na Othello na wivu. Kauli hizi ni fupi, hukaririka kwa urahisi, na kwa muda mrefu zimekuwa sehemu ya mafunzo ya fasihi katika shule na vyuo vya Afrika Mashariki. Ubora wake ni kwamba zinamwelekeza msomaji katika nafsi ya mhusika. Udhaifu wake ni kwamba zinampa jibu kabla hajauliza swali. Ikiwa wivu ulikuwamo ndani ya Othello tangu awali, kama ufa katika chungu, basi kuvunjika kwa chungu hakumshangazi mtu, na hakuna wa kuulizwa.

Suala hili haliishii darasani. Magazeti ya Kenya na Tanzania yanapoandika habari za mume aliyemuua mkewe, mara nyingi hutumia maneno 'wivu wa mapenzi' kana kwamba maneno hayo ndiyo muuaji, na mume alikuwa chombo tu mikononi mwake. Tarehe 27 Januari 2024 maelfu ya watu waliandamana katika miji ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake. Miongoni mwa mambo waliyoyalalamikia ni mazoea ya kuuliza marehemu alifanya nini kabla ya kuuliza muuaji alifanya nini. Sheria nayo ina neno juu ya jambo hili. Vifungu vya 207 na 208 vya Kanuni ya Adhabu ya Kenya vinatambua kwamba uchokozi wa ghafla unaweza kulipunguza kosa la kuua kwa kukusudia likawa la kuua bila kukusudia, maadamu mtendaji alitenda kabla hasira yake haijapata nafasi ya kupoa. Mhakiki anayefundisha kwamba wivu ndio uliomuua Desdemona hana budi kujiuliza anafundisha nini juu ya wauaji wasio wa jukwaani.

Makala hii inatetea rai kwamba wivu wenyewe si kasoro ya kitanzia. Wivu ni shtaka: ni dai la mtu kwamba kilicho chake, au anachoamini kuwa ni chake, kimechukuliwa. Tanzia huzaliwa pale shtaka hilo linapokosa baraza, au pale mshtaki anapojifanya shahidi, hakimu na mtekelezaji wa hukumu kwa wakati mmoja. Ili kuipima rai hii, tamthilia tatu kongwe zitasomwa kwa jicho la hadhira ambayo hazikuandikiwa: wafugaji wa Gotu, makazi yaliyo kando ya mto Ewaso Nyiro katika kaunti ya Isiolo. Haidaiwi hapa kwamba tamthilia hizo zimewahi kuigizwa huko. Hadhira ni ya kufikirika, lakini sheria na desturi ambazo ingekuja nazo jukwaani si za kufikirika.

2. Hamartia: kosa au kasoro?

Chanzo cha dhana ya kasoro ya shujaa ni sura ya 13 ya Poetics ya Aristotle. Mwanafalsafa huyo anasema kwamba mhusika anayefaa kwa tanzia si mtu mwema kupindukia wala si mwovu; ni mtu wa kati anayeanguka kutoka katika hali ya neema kwa sababu ya hamartia. Neno hilo linatokana na kitenzi chenye maana ya kukosa shabaha. Mrusha mshale anayekosa shabaha ametenda kosa. Haisemwi kwamba mkono wake ulizaliwa na dhambi. Mwaka 1966 E. R. Dodds, katika makala yake mashuhuri kuhusu Oedipus wa Sophocles, alisisitiza kwamba hamartia ni kosa linalotendwa kwa kutojua, na kwamba kuitafsiri kuwa dosari ya kimaadili ni kumbebesha Aristotle mzigo usio wake.

Pamoja na hayo, dhana ya kasoro ya tabia iliendelea kutawala, na mjadala kuhusu Othello ukawa uwanja wake mkuu. A. C. Bradley, katika kitabu chake cha mwaka 1904 kuhusu tanzia za Shakespeare, alimtetea Othello kwamba hakuwa mtu wa wivu kwa maumbile. Alikuwa mtu wa kuamini, na imani hiyo ndiyo iliyotumiwa na Iago. Mwaka 1937 F. R. Leavis alimjibu kwa ukali: Iago asingefaulu kwa haraka namna ile kama ndani ya Othello hapakuwa na kitu kilichokuwa kikimngoja. Hivyo Bradley anampa Iago lawama, Leavis anampa Othello. Lakini wote wawili wanaitafuta sababu ya maafa ndani ya nafsi za watu wawili, na hakuna anayeutazama kwa makini utaratibu uliotumika kufikia hukumu ya kifo. Kwa mhakiki aliyelelewa katika jamii zinazopima ugomvi kwa kuuliza kwanza nani aliitwa na nani alisikilizwa, pengo hilo linaonekana mara moja.

3. Msamiati wa Kiswahili na upambanuzi wake

Kiswahili kina utajiri wa maneno katika uwanja huu: wivu, husuda, kijicho, gere, choyo, ghera. Katika mazungumzo ya kila siku mipaka yake huvukwa bila shida. Mtu husema 'ananionea wivu' akimaanisha jirani anayechukia gari lake jipya. Hata hivyo, maneno haya yanaweza kupambanuliwa kwa manufaa ya uhakiki. Mwenye wivu anasema: hiki ni changu, na kimechukuliwa au kinataka kuchukuliwa. Mwenye husuda anasema: hicho ni chako, na heri kisiwepo. Mwenye ghera anasema: hicho ni chako, nami nitajitahidi nipate kama hicho. Aristotle alikaribia kuipambanua hivyo katika Rhetoric, alipotenganisha kijicho kinachoumia kwa neema ya mwenzake na juhudi inayochochewa na neema hiyo hiyo.

Tofauti kati ya wivu na husuda ina matokeo ya kisheria. Mwenye wivu ana dai linaloweza kuelezwa mbele ya watu. Huenda dai lake ni la uongo, lakini lina umbo la shtaka: lina mlalamikaji, mlalamikiwa na kitu kinachogombaniwa. Husuda haina umbo hilo. Hakuna mtu anayesimama barazani na kusema kwamba jirani yake anyang'anywe ng'ombe kwa sababu ng'ombe hao wamenona. Husuda huogopa baraza, nayo hufanya kazi yake kwa minong'ono, au kwa kuuvaa wivu wa mtu mwingine kama vazi. Upambanuzi huu ndio ufunguo wa uhusiano wa Iago na Othello.

4. Othello na mabaraza mawili

Tamthilia ya Othello, ambayo kumbukumbu za kuigizwa kwake zinaanzia mwaka 1604, ina mabaraza mawili ya hukumu, na muundo wake wote umeegemea tofauti iliyopo baina ya mabaraza hayo. La kwanza liko katika Tendo la Kwanza, Onyesho la Tatu. Brabantio, seneta wa Venice, anafika usiku mbele ya Duke akidai kwamba binti yake amerogwa na mgeni mweusi. Usikivu wa Duke hauko huru na maslahi, kwani dola inamhitaji Othello kwa ulinzi wa Cyprus. Hata hivyo utaratibu unafuatwa. Mshtaki anaeleza, mshtakiwa anajibu, na shahidi mkuu anaitwa. Ni Othello mwenyewe anayeomba Desdemona aitwe, na anakubali kupoteza maisha yake iwapo maneno ya mwanamke huyo yatamtia hatiani. Desdemona anakuja, anasema, na shauri linaisha. Brabantio hakuridhika, lakini hakuna aliyekufa usiku ule.

Baraza la pili liko katika Tendo la Tano, Onyesho la Pili, ndani ya chumba cha kulala. Humo mshtaki ni Othello, hakimu ni Othello, na mnyongaji ni Othello. Desdemona anapoambiwa kwamba kitambaa alichopewa na mumewe kimeonekana mkononi mwa Cassio, anatoa ombi lile lile ambalo Othello alilitoa mbele ya Duke: aitwe anayehusika, aulizwe. Jibu analopewa ni kwamba Cassio amekwisha kunyamazishwa. Haki ambayo mgeni alipewa na mji wa Venice, mgeni huyo anamnyima mkewe. Hapa ndipo shabaha inapokosewa. Hisia zake zilimuumiza tangu Tendo la Tatu, na maumivu hayo yangeweza kumpata mtu yeyote aliyedanganywa kwa ustadi kama ule. Lakini kati ya maumivu na kifo palikuwa na muda, na muda huo ulijaa mashahidi ambao hawakuitwa au hawakuaminiwa.

Itapingwa kwamba Othello alifanya uchunguzi. Ni kweli kwamba alidai uthibitisho wa kuonekana kwa macho, na katika Tendo la Nne alimhoji Emilia, mtumishi wa mkewe. Emilia aliapa juu ya usafi wa bibi yake kwa maneno yasiyo na utata. Othello alimsikia, kisha akaamua kwamba mtumishi wa mwanamke mchafu hana budi kusema hivyo. Kwa upande mwingine, ndoto ya Cassio iliyosimuliwa na Iago, ambayo hakuna aliyeishuhudia, ilipokewa. Kicheko cha Cassio alipokuwa akimzungumzia Bianca kilisikika kwa mbali na kufasiriwa vibaya. Hukumu ilikwisha kupitishwa, na ushahidi ukawa unachujwa ili uifuate. Kitambaa ambacho Thomas Rymer alikidhihaki mwaka 1693 kuwa kitu kidogo mno kubeba tanzia kinabeba tanzia kwa sababu hiyo hasa: hakikuwahi kuulizwa kilitoka kwa nani. Miongoni mwa waliojua alikuwamo Emilia, na alipozungumza, mauti yalikwisha kutangulia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linatoka kinywani mwa Emilia huyo huyo katika Tendo la Tatu. Anasema kwamba wenye wivu hawahitaji sababu. Wana wivu kwa kuwa wana wivu. Ikiwa ndivyo, baraza lingefaa nini? Jibu ni kwamba Emilia anaeleza jinsi wivu unavyozaliwa, wala hatoi hoja juu ya namna unavyopaswa kuhukumiwa. Hata wivu usio na sababu hulazimika kutafuta sababu unapotaka kuua. Othello hakuthubutu kumgusa mkewe kabla hajajiambia kwamba anatekeleza haki. Kule kuhitaji sababu ndiko kunakofungua mlango wa kuulizwa.

5. Hadhira ya Gotu: zamu ya maji na kiapo cha ndoa

Waborana wa Waso, kama wanavyojiita kwa jina la mto wao, wanaishi mahali ambapo maji ya mmoja yanaweza kuwa kiu ya mwingine. Ewaso Nyiro unateremka kuelekea kinamasi cha Lorian, na sehemu zake za chini hukauka wakati wa ukame, hasa kwa kuwa maji mengi huchukuliwa kwa kilimo kule juu. Kundi moja likikaa majini muda mrefu, jingine linasubiri juani. Hakuna mazingira yanayoweza kuzalisha wivu na husuda kwa wingi kuliko hayo.

Mapokeo ya Waborana yana jibu la kitaasisi kwa hali hii. Katika visima virefu vya tula vya kusini mwa Ethiopia, chimbuko la kaida zao nyingi, kuna aba herega, yaani msimamizi wa zamu, anayepanga kundi gani linywe lini. Katika nchi ya Waso, wazee wa dedha husimamia malisho na maji ya eneo zima. Mfugaji anayeona mwenzake amenywesha kabla yake ana haki ya kuudhika, na anajua maudhi hayo yapelekwe wapi. Kinachokatazwa ni kunyamaza nayo hadi usiku kisha kuja na mkuki, kwani kufanya hivyo ni kuivunja nagaa Borana, amani ya Waborana ambayo ndiyo msingi wa kuishi pamoja. Jamii hii haikujaribu kuuondoa wivu mioyoni, iliupangia zamu.

Kuhusu ndoa, hadhira hiyo ingekuwa na kipimo kingine. Waborana wa Waso kwa sehemu kubwa ni Waislamu, na Surat an-Nur inalishughulikia moja kwa moja suala la mume anayemshuku mkewe. Aya ya 4 inadai mashahidi wanne kwa anayemtuhumu mwanamke mwenye kujihifadhi, na inamwadhibu kwa mapigo themanini asiyewaleta. Aya za 6 hadi 9 zinamzungumzia mume asiye na shahidi ila nafsi yake: ataapa mara nne, na mara ya tano atajiapiza laana ikiwa ni mwongo, kisha mke naye ataapa vivyo hivyo, na kiapo chake kitaikinga adhabu. Huo ndio utaratibu wa liani. Ndoa inavunjika, lakini hakuna anayekufa, na kiapo cha mwanamke kina uzito sawa na cha mwanamume.

Surat hiyo hiyo inahusishwa na kisa cha ifki, ambacho mtoto wa chuoni Gotu anaweza kukisimulia. Bibi Aisha alibaki nyuma ya msafara akitafuta kidani chake kilichopotea, akarudishwa na Safwan bin al-Muattal, na wanafiki wa Madina wakaeneza uvumi. Kwa muda wa takriban mwezi mmoja Mtume (S.A.W.) hakupata wahyi juu ya jambo hilo. Katika muda huo alitaka ushauri, akamhoji Barira, mtumishi wa nyumbani, na ushahidi wa Barira haukudharauliwa kwa kuwa yeye ni mtumishi. Kisha wahyi ukamtakasa Bibi Aisha, na waumini wakalaumiwa kwa kutodhaniana wema walipousikia uvumi. Kulinganisha si kusawazisha. Heshima ya kisa hiki haifanani na mchezo wa jukwaani. Kinacholinganishwa ni mwenendo wa ushahidi. Pande zote mbili kuna pambo dogo lililopotea, kuna mtumishi anayeshuhudia, kuna minong'ono. Upande mmoja pana subira na uchunguzi. Upande wa pili pana haraka na mto wa kuzibia pumzi. Mtazamaji wa Gotu asingeshangaa kwamba Othello aliona wivu. Angeuliza wako wapi mashahidi wanne, na kwa nini Emilia hakuwa Barira.

Si busara, hata hivyo, kuipamba hadhira hii. Mabaraza ya wazee kaskazini mwa Kenya ni ya wanaume, na utaratibu wa maslaha umelaumiwa na watetezi wa haki za wanawake kwa kuwapatanisha wanaume wa koo mbili huku mwanamke aliyedhulumiwa hakuulizwa neno. Baraza linaloketi bila kumsikiliza mhusika mkuu ni chumba cha Othello kilichopanuliwa. Kwa hiyo kipimo cha Gotu kinaihukumu Gotu pia.

6. Medea na Leontes: baraza lisilokuwapo na baraza la uongo

Rai iliyotolewa hapo juu ingekuwa dhaifu kama ingeegemea tamthilia moja. Medea ya Euripides, iliyoigizwa Athens mwaka 431 K.K., inaonyesha upande wake wa pili. Medea hakudanganywa na mtu. Jason amevunja viapo alivyomwapia na kumwoa binti wa Creon, mfalme wa Corinth. Dai la Medea ni la kweli, na kila mhusika anajua hivyo. Kinachokosekana ni mahali pa kulipeleka. Yeye ni mgeni kutoka Colchis. Baba alimsaliti na ndugu alimuua kwa ajili ya Jason. Hakimu wa mji ni Creon, mkwe mpya wa mshtakiwa, na Waswahili wamekwisha kusema kwamba kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani. Badala ya kusikilizwa, anapewa siku moja ahame. Jason anapomwambia kwamba yote haya ni wivu wa kitanda, anafanya kile kile kinachofanywa na uhakiki wa kasoro: analigeuza shtaka kuwa maradhi, ili asilijibu. Kuwaua watoto hakuhalalishwi na lolote kati ya hayo. Lakini mhakiki anayeandika kwamba kasoro ya Medea ni wivu amechukua upande wa Jason bila kujua.

Katika The Winter's Tale, iliyoigizwa mwaka 1611, Shakespeare aliliendea suala hili kwa njia ya tatu. Leontes, mfalme wa Sicilia, anamshuku mkewe Hermione na rafiki yake Polixenes, na hana Iago wa kumlaumu. Tofauti na Othello, yeye anafungua mahakama ya hadhara. Mshtakiwa anajitetea, na wajumbe wanaleta neno la Apollo kwamba Hermione hana hatia. Kwa sura ya nje, kila kinachotakiwa na makala hii kimetimizwa. Lakini hakimu ndiye mlalamikaji, na mwamba ngoma ngozi huvutia kwake: Leontes anatangaza kwamba neno la Apollo ni uongo. Papo hapo inafika habari ya kifo cha mwanawe Mamillius, na Hermione anaanguka. Mfano huu unaonyesha kwamba kuwapo kwa baraza hakutoshi. Lazima liwe baraza ambalo mwenye wivu anaweza kushindwa ndani yake na akakubali kwamba ameshindwa. Inafaa kuzingatia pia kwamba Leontes, kwa kuwa mashtaka yake yalitolewa hadharani, alibaki na watu waliojua ukweli na walioweza kumkumbusha. Paulina alimkumbusha kwa miaka 16, na mwisho wake ukawa majuto yenye marejeo. Othello hakuwa na Paulina kwa kuwa hakumpa mtu nafasi ya kujua.

7. Husuda na kisima kilichofungwa

Linabaki suala la Iago. Ana manung'uniko yanayoeleweka: cheo alichokitarajia kimepewa Cassio. Hilo lilikuwa shtaka lenye mahali pa kupelekwa, kwani Othello alikuwa jemadari wake na alimwamini. Iago hakulipeleka. Alilihifadhi, akaliongezea tuhuma nyingine dhaifu dhidi ya Othello na Cassio, na mwishowe akawa hataki tena cheo bali maangamizi. Hapo wivu umegeuka husuda, na silaha yake kuu ni kanuni ambayo Kiswahili kinaijua vizuri: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Tamthilia inamaliza kwa Iago kuapa kwamba hatasema neno tena. Ukimya huo unalingana na hali yake yote: mwenye husuda, hata akifikishwa barazani kwa nguvu, hana la kueleza.

Fasihi ya Kiswahili inalo simulizi linalokwenda mbali zaidi katika hoja hii. Katika hadithi ya Fumo Liyongo, ambayo Muhammad Kijumwa aliiandika kwa umbo la utenzi mwaka 1913, mtawala wa Pate anamchukia shujaa kwa nguvu zake na kwa jinsi watu wanavyompenda. Hana kosa la kumshtakia, kwa hiyo anamrubuni mwana wa Liyongo, naye anamchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba. Liyongo anafia kisimani, amepiga goti na upinde mkononi, na watu wa mji wanaogopa kwenda kuteka maji kwa kudhani yu hai. Kithaka wa Mberia aliurejelea mkasa huo katika tamthilia yake Kifo Kisimani (2001), ambamo mpinzani wa utawala anauawa kwa mkono wa mtu wa damu yake mwenyewe. Wahakiki wamezoea kuliangalia tukio hili upande wa usaliti. Mfugaji wa Gotu angekiangalia kisima. Angeona kwamba husuda ya mtu mmoja imewanyima maji watu wote, na kwamba hilo ndilo kosa ambalo zamu ya aba herega iliwekwa kulizuia.

Kwa hiyo hasara ya tanzia haikomi kwa shujaa na mpenzi wake. Cyprus inabaki na jeshi lililopoteza jemadari, Corinth inabaki bila mfalme, Sicilia bila mwanamfalme, Pate bila maji. Uhakiki unaoishia katika kasoro ya moyo wa mtu mmoja hauwezi kuieleza hasara hii ya wengi. Uhakiki unaochunguza baraza unaweza, kwa sababu baraza ni mali ya wote, na likivunjwa wote hupoteza.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba tamthilia tatu zinazotajwa mara kwa mara kuwa tanzia za wivu zinatofautiana sana katika ukweli wa wivu wenyewe. Wa Othello ni wa kudanganywa, wa Leontes ni wa kujizulia, wa Medea una haki. Kama wivu ungekuwa ndio kasoro, tofauti hizo zingebadili matokeo, na Medea angesalimika. Kinachoziunganisha ni kwamba katika kila moja hukumu ilitolewa bila usikivu: kwa kukataliwa mashahidi, kwa kudharauliwa jibu, au kwa kufungwa mlango wa shauri. Hamartia, kwa maana yake ya awali ya kukosa shabaha, inahusu tendo hilo la kuhukumu.

Tafsiri hii haipunguzi huruma ya hadhira kwa Othello. Katika maneno yake ya mwisho anawataka waliopo waeleze habari zake kama zilivyo, bila kuzipunguza wala kuzitia chuki. Anarudi, akiwa amechelewa, katika utaratibu wa Tendo la Kwanza: anajishtaki, anatoa ushahidi, anaomba kumbukumbu iandikwe. Huruma inatokana na kuona kwamba alijua siku zote jinsi haki inavyotendwa. Lakini huruma hiyo haifuti swali la Desdemona, aliyeomba aitwe mtu mmoja tu aulizwe.

Ikiwa ndivyo, mwalimu wa fasihi anayeulizwa na wanafunzi wake ni nini kilichomuua Desdemona hawezi tena kuwajibu kwa neno moja, wala mwandishi wa gazeti hawezi kuandika 'wivu wa mapenzi' akadhani ameeleza. Aliyeua ni mtu, alikuwa na muda, na palikuwa na wa kumuuliza.